Joho Lililotangulia

Mjomba wangu Youssoufa alijua Kiingereza. Ndivyo walivyosema watu wa Andoany, mji wetu wa Nosy Be, na yeye hakuwakatalia. Mimi Ansoifa, niliyekula naye sahani moja na niliyeharibikiwa kwa mkono wake, nawaambia hivi: Kiingereza chake chote kilikuwa maneno mawili. La kwanza "shirts". La pili "shorts". Shati na kaptura. Ukiyatoa hayo, kilichobaki kilikuwa kikohozi na heshima.

Msicheke. Au chekeni, hata mimi nilicheka mwanzoni, kabla sijajua maneno hayo yatanigharimu nini.

Mjomba alikuwa dobi. Ukoo wetu asili yake Ngazija. Babu ndiye aliyehamia Nosy Be na biashara yake ya mchele. Nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi cha Wasakalava, na mbele ya Mfaransa tulisema kile kidogo cha kuombea radhi. Kiswahili kilikuwa kimebaki kwa wazee, katika maneno ya dini, ya mizani na ya bahari. Mjomba peke yake alikuwa nacho chote, kwa sababu babu alimpeleka chuo cha Kurani Unguja akiwa mdogo, akakaa huko mpaka ndevu zikamwota. Aliporudi hakuwa na la kukifanyia. Akashika pasi.

Na pasi aliijua, nisimnyime haki yake. Mama yangu Echa, dada yake mkubwa, alikuwa akisema nguo ikitoka kwa Youssoufa unaona aibu kuivaa. Alikuwa na pasi ya makaa, nzito, mpini wake umeungua upande mmoja, na alikuwa na namna yake ya kunyunyiza maji kwa mdomo, membamba kama ukungu, halafu pasi inapita mara moja tu. Baba yangu alifariki nikiwa sijaota meno ya pili. Mjomba ndiye aliyenilea kwa pasi ile.

Halafu wakamkamata kwa kazi ya lazima. Mjue ilivyokuwa zama za Wafaransa: mtu asiye na mwajiri wa kumtetea anaweza kuchukuliwa sokoni na kikapu chake mkononi, akapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Mjomba walimpeleka bara, nyuma ya Mahajanga. Alirudi na mgongo uliopinda kidogo na tabia mpya ya kugeuka nyuma kila akisikia viatu. Lakini hakurudi kwetu. Alibaki Mahajanga, mtaa wa Tanambao, akifua nguo za watu kando ya kisima. Alisema mji mkubwa unamficha mtu. Kisa chote kilianzia katika woga ule, na mimi nimechelewa sana kumwelewa.

Sasa niseme yangu. Nilikuwa nimeposwa na Zoubeir bin Athoumani, mpishi wa mafuta ya maua ya langilangi katika kiwanda kilichokuwa nje ya mji. Kazi ile inanukia. Zoubeir alikuwa akipita njiani, hata ukiwa ndani umefunga dirisha unajua kapita. Sitaki kujitia haya za uzeeni: nilimpenda. Nilimpenda nikawa nachagua mchele mlangoni saa ya kutoka kiwandani, mchele ambao mama alikwisha kuuchagua asubuhi.

Kwetu ndoa ina milango miwili. Mlango wa dini, hapo walii wangu alikuwa baba mdogo, na hakuna aliyekuwa na neno. Lakini uko na mlango wenyewe, wa mbao, wa nyumba. Bwana harusi haingii mpaka mjomba wa bibi harusi amshike mkono na kumvusha kizingiti. Na mjomba huyo siku hiyo anavaa joho alilopewa na upande wa bwana harusi siku ya posa. Akilivaa, amekubali. Asipopenda ndoa, hagombani na mtu, hatoi maneno: analirudisha joho. Likirudi tu, kila mtu anakunja mkeka wake na kwenda zake. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo.

Joho la Mjomba lilitoka kwa Bi Kouraichia, mama yake Zoubeir. Lilikuwa jeusi, na uzi wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kifuani. Mama alilituma Mahajanga kwa mtu wa kuaminika, na Mjomba akajibu kwamba amelipokea kwa mikono miwili, na kwamba atakuja nalo mwilini mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani.

Basi ikawa mwaka huohuo Waingereza wakaingia Mahajanga. Waliteremka siku chache kabla ya mwezi kuandama, wakawafukuza Wafaransa wa upande ule ili kuwaweka Wafaransa wa upande huu, mambo yao wenyewe wazungu. Nyuma yao wakaja askari weusi kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, wamevaa kaptura watu wazima, magoti nje. Mji mzima ulitoka kutazama. Na askari wale wakawa wanaita watoto, wanauliza maji, wanauliza sigara, hakuna anayewajibu, maana Kimalagasi hawakijui na Kifaransa hawakijui. Ndipo dobi mmoja kando ya kisima cha Tanambao akainua kichwa akawajibu kwa Kiswahili cha Unguja.

Walimchukua mchana uleule. Hakuwa na haja ya kugeuka nyuma, viatu vya safari hii vilikuwa vinamwita kwa jina. Wakampeleka kambini, njia ya Belobaka, wakampa mahema mawili ya kufulia.

Haya mengine sikuyaona kwa macho yangu. Nimeyasikia kwa Fazul, binamu yake Zoubeir, aliyekuwa akienda na kurudi na mashua ya chumvi, na kwa Mjomba mwenyewe, aliyeyasimulia mpaka nikawa nayajua kuliko dua ya kulala.

Kulikuwa na sajenti wa Kiingereza aliyesimamia stoo ya nguo. Kila asubuhi anasimama mbele ya lundo la nguo chafu, anazirusha moja moja na kuita: hii shati, hii kaptura. Dobi anatakiwa aziweke mafungu mawili na kuita vilevile, ili sajenti ajue zimefika. Kwa Mfaransa ungefanya kazi hiyo hata ukiwa kiziwi, alisema Mjomba, maana Mfaransa shati analiita hivi na kaptura anaiita vile, hayakutani hata njiani. Mwingereza kayafanya ndugu pacha. "Shirts." "Shorts." Mdomo ule mwekundu unafunguka, unafumba, na wewe umesimama na nguo mkononi kama mjinga. Nguo yenyewe unaiona, kweli. Lakini ukiita kwa sauti, sajenti anacheka, na wazungu wote wa stoo wanacheka, kwa sababu umeshika shati unaita kitu kisichojulikana kama ni shati au ni kaptura.

Mjomba hakupenda kuchekwa. Alikuwa amechekwa vya kutosha kwenye mawe ya barabara. Koplo mmoja wa Tanganyika akamsaidia. Akamwambia, neno la shati usilitie midomo kabisa, liache mdomoni nusu wazi, kama mtu aliyeshiba anayezuia kiungulia mbele ya wakwe. Neno la kaptura, viringa midomo, kama unapuliza makaa ya pasi. Hilo la pasi lilimwingia. Usiku kucha, ati, alikuwa akikesha na kipande cha kioo, anapuliza, anaachia, anapuliza, anaachia, mpaka mwenzake wa hema akahamia kwingine.

Mfungo ukaisha, Idi ndogo ikapita, na mama akatuma habari kwamba harusi imekaribia, aje. Mjomba akajibu yuko njiani. Wakati huohuo kapteni wa kambi akatangaza kwamba atachagua dobi mkuu. Huyo atapewa nyumba ya bati, na atapewa kipande cha shaba cha kuvaa shingoni, chenye mhuri wa jeshi, ambacho hakuna polisi wa Kifaransa atakayethubutu kukigusa. Nyumba isingemtoa Mjomba usingizini. Kipande cha shaba kilimtoa. Mtu aliyevaa kile hapelekwi barabarani tena. Waliokuwa wakigombea ni wawili tu, yeye na dobi mmoja wa mjini anayeitwa Houssen, na kapteni hakuwa amesema siku.

Mjomba akaona asiondoke mpaka siku ijulikane, ila na harusi nayo asiiache. Ndipo akafanya lile alilolifanya. Alikuwa ameona kambini kwamba afisa akihama, nguo zake zinatangulia: zinafuliwa, zinapigwa pasi, zinafungwa kitambaa, zinapelekwa mbele na kutundikwa chumbani, na kila mtu anajua bwana mkubwa yuko nyuma anakuja. Alilipenda jambo hilo. Aliliona la heshima. Basi akalitoa joho la harusi yangu, akalifua, akalipiga pasi kama hajawahi kupiga pasi kitu maishani, akalifunga katika shuka nyeupe na kumpa Fazul. Akamwambia, joho linatangulia, mimi nafuata.

Wallahi mpaka leo nikilifikiria hilo nasikia joto hapa kifuani. Mtu mzima! Ana masikio ya kutenga neno na neno la kigeni, midomo ikitofautiana kidogo tu, halafu hakukumbuka kwamba nguo hiyohiyo, shuka hiyohiyo, safari hiyohiyo, kambini maana yake naja na kwetu maana yake siji.

Fazul alikuwa kijana asiyejiuliza. Aliingia kwetu mchana, na bahati yangu ilivyo mbaya, Bi Kouraichia na dada zake walikuwa wamekaa ukumbini kwa mama wakipanga nani atapika nini. Fazul akaweka furushi katikati ya mkeka. Mama alidhani zawadi. Akafungua.

Lilikuwa limekunjwa vizuri, uzi wake unang'aa, linanukia wanga na makaa. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, nikaona mkono wa mama umebaki hewani. Fazul akayatoa maneno aliyopewa, kwamba linatangulia, mwenyewe anafuata. Yalisikika kama mzaha. Tena kufuliwa kwake ndiko kulikozidisha: dada mmoja akauliza, kwa upole wa kukata maini, kwani lilikuwa limemchafua?

Bi Kouraichia alisimama taratibu. Alikuwa mwanamke mrefu, hakuwa mkorofi, naomba mnielewe. Alitendewa tendo ambalo kwetu lina maana moja, na mbele ya ndugu zake.

Akasema, "Echa, nguo tuliyotoa imerudi. Lakini nakuheshimu. Akija mwenyewe kabla ya Idi kubwa, nalo mwilini, tutasema ilikuwa pepo. Asipokuja, tumesikia."

Mama akamshika Fazul mikono yote miwili, akamrudisha Mahajanga kwa mashua iliyotoka kesho yake. Na usiku ule Zoubeir alikuja nyuma ya ua wetu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Harufu ilimtangulia. Hakunitajia mapenzi, kwetu hatukuwa na desturi ya kuyataja. Aliniambia hata kama mjomba wangu atafika siku yenyewe ya Idi, hata watu wakiwa wanatoka msikitini, yeye ataingia nyumba ile. Nikamwambia atafika. Nilisema kwa kiburi kabisa. Nilikuwa namjua mjomba wangu.

Fazul alimkuta Mjomba hemani, anafanya mazoezi, koplo amempa mgongo na kumwitia maneno. Siku ilikuwa imejulikana. Kapteni angewapima Jumamosi. Na mashua ya kurudi Nosy Be ilikuwa inatoka Ijumaa baada ya sala, na baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka Idi ipite, kwa sababu ya vita kila chombo kilikuwa na kibali chake. Fazul alimweleza yote: joho mkekani, mkono wa mama, maneno ya Bi Kouraichia. Alisema alimwona Mjomba amekaa chini. Akauliza Ansoifa amesema nini. Fazul akasema, Ansoifa hajasema, anakungoja.

Alisema Mjomba alifungua hata sanduku lake, akaanza kutia vitu. Kisha nje pakapita askari, viatu vingi kwa pamoja, na Mjomba akageuka nyuma. Akafunga sanduku.

"Mwambie dada wataelewa," akasema. "Ni nguo tu."

Dobi ndiye aliyesema hivyo. Fazul alinihadithia hilo akiwa anaangalia miguu yake.

Jumamosi kapteni alifunga turubai kati yake na wao, ili wasisome midomo, akawa anaita kutoka nyuma, na wao wanavuta nguo kutoka lundoni. Houssen alianguka mapema, akavuta kaptura palipotakiwa shati, na askari wakapiga kelele. Mjomba hakukosa. Alifumba macho, alisema, na neno la kaptura alilisikia kama upepo ukiingia katika tundu la pasi. Mwisho kapteni alitoka mwenyewe nyuma ya turubai akamshika mkono. Koplo wa Tanganyika akambeba begani. Kipande cha shaba akavishwa palepale.

Sisi Idi ilitukuta tumevaa. Mama alinivisha nguo ya harusi, ya manjano, akasema lolote linaweza kutokea. Tuliacha mlango wazi. Watu walitoka msikitini wakapita wakitoa salamu za Idi, wanaangalia ndani kidogo, wanaangalia pembeni. Zoubeir alipita na baba yake. Alisimama mbele ya mlango wetu. Hakuna kilichomzuia, mnaelewa? Kizingiti kile ningekiruka mimi nikamvuta ndani. Lakini mkono wa kumshika haukuwapo, na yeye hakuwa mtu wa kuingia nyumba ya watu kama mwizi. Baba yake akamgusa bega. Wakaenda. Niliyavua manjano jioni, nikayakunja mwenyewe, na mama akalia kwa niaba yetu sote, mimi machozi yalikuwa yamenikataa.

Zoubeir alioa mwaka uliofuata, msichana wa Nosy Sakatia, kisiwa kile kidogo ng'ambo. Mjomba wa msichana huyo alikuwa mvuvi mzee wa kutetemeka. Aliletwa amebebwa kwenye kiti, amevaa joho jipya tangu nyumbani. Huyo alikuja.

Na Waingereza? Walikwenda zao. Kipande cha shaba hakikumaliza hata masika mawili. Kambi ilifungwa, mahema yakakunjwa, koplo akapanda meli, kapteni akasahau. Wafaransa wakarudi ofisini, na polisi wa kwanza aliyeonyeshwa kile kipande alikigeuza, akakirudisha na kumuuliza Mjomba kama anauza.

Hapo ndipo akaja nyumbani. Aliteremka bandarini Andoany na shati la kaki na kaptura, magoti nje, mwanamume wa umri wake, na kipande shingoni. Nadhani hakuwa na nguo nyingine safi. Mama alimtazama akampisha aingie. Hakumkaripia. Alimwonyesha tu sanduku, joho limo. Tulikuwa tumejaribu kumrudishia Bi Kouraichia, akasema hana mahali pa kuliweka. Mjomba akalivaa juu ya nguo za Kiingereza, akatoka, akaenda kukaa barazani kwao Zoubeir. Alikaa mpaka adhuhuri. Walimletea kahawa, wakamwamkia vizuri, wakamuuliza hali ya Mahajanga. Hakuna aliyelitaja joho. Alirudi amelibeba mkononi, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Kuanzia siku ile hakuvaa tena kaptura maisha yake yote.

Tangu hapo akaishi na sisi. Alifungua kibanda cha udobi nyuma ya soko. Watoto waligundua mapema kwamba anajua lugha ya ajabu, wakawa wanampitia wakitoka chuoni. Mjomba, Kiingereza! Naye anaacha pasi, anasimama wima, anawaonyesha: hili liachie, hili puliza. Wanajaribu, wanatema mate, wanacheka. Wenye sikio anawapa kashata. Hata watu wazima waliuliza, na yeye hakuwahi kumnyima mtu. Mimi sikujaribu. Aliniambia mara moja, tukiwa tunaanika, kwamba sikio langu ni zuri, nikisikiliza mara mbili tatu nitayatenga. Nikamwambia sina haja nayo. Akaendelea kubana nguo kwenye kamba.

Baadaye niliolewa na Daoud, fundi cherehani, mtu mwema, sina la kumlaumu. Upande wake walileta joho la Mjomba kama ada. Mjomba alilivaa siku ya posa hiyohiyo. Alilala nalo. Mama alimsihi walau alipige pasi kabla ya harusi, maana lilikuwa limekunjamana la kutia aibu, na dobi mzima! Akakataa, akasema halitoki mwilini. Siku yenyewe alikuwa kizingitini tangu alfajiri, anasimama na mgongo wake ule, na Daoud alipofika alimkamata mkono akamvuta ndani kwa nguvu kiasi kwamba kofia ya Daoud ilianguka. Watu walicheka. Mimi nilimwona anavyolia. Nilikaa pale nimevaa manjano mengine, nikawaza kwamba mkono huo ulikuwapo siku zote, ulikuwa na vidole vitano vilevile. Naomba Mungu anisamehe, hilo ndilo nililoliwaza siku ya harusi yangu.

Alikufa zama zile Wafaransa walipoanza kusema kwamba wataondoka. Hakuugua sana. Alikuwa akipiga pasi, akasema mkono mzito, akakaa. Siku mbili za mwisho alikuwa kimya, midomo inachezacheza. Mama alidhani shahada, na huenda ilikuwa shahada. Lakini mimi nilikuwa nimemkalia karibu, nikaona inaviringika, inaachia, inaviringika, inaachia. Nikamwinamia. Kwa mara ya kwanza nikayasema yote mawili, moja baada ya jingine, kama nilivyokuwa nikiyasikia kwa miaka. Akafungua macho.

"Sikio lako zuri," akasema. Hakusema tena kitu kinachosikika.

Mama ndiye aliyelitoa lile joho la kwanza sandukuni, la Bi Kouraichia. Akasema la Daoud limemaliza kazi yake, hili halijafanya yake. Akalitandaza juu ya jeneza. Hakuna aliyempinga, hata sheikh aliangalia kando. Wanaume wakaingia kubeba, na katika wa mbele alikuwamo Zoubeir. Sikujua kama atakuja. Alikuwa amenenepa, nywele zimepungua, na hakunukia langilangi tena, kiwanda alikwisha kukiacha. Sisi wanawake tulikuwa tumejipanga ukutani.

Wakalinyanyua. Walipofika mlangoni, ncha ya joho ikanasa kwenye komeo. Jeneza likasimama, nusu ndani nusu nje. Zoubeir akageuza shingo, akaliona. Nina hakika alikuwa hajalitazama vizuri mpaka hapo. Alinyoosha mkono mmoja, akainasua ile ncha polepole, akailaza juu ya jeneza na kuipapasa kwa kiganja mpaka ikatulia. Uzi wake ulikuwa bado unang'aa.

Akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Limevaliwa."

Kisha wakatoka naye. Mimi nilibaki ukutani na wanawake wenzangu, mama kanishika mkono wa kulia, na Daoud wangu yuko nje katika safu ya nyuma akingoja zamu yake ya kubeba. Mlango tuliuacha wazi mpaka waliporudi.